Nani Amewahi Kurudi Kundini kwa Kukausha Chemchemi?

Katika sharika nyingi za Kilutheri zilizoko kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, hutokea Jumapili ambapo Mkristo husimama mbele ya madhabahu, akaungama mbele ya mchungaji, wazee wa kanisa na washarika wote, kisha akapokelewa tena kwenye Meza ya Bwana. Tendo hilo tunaliita kurudi kundini. Aliyezaa nje ya ndoa hurudi kundini. Waliokaa pamoja bila kufunga ndoa hurudi kundini. Aliyekwenda kwa mganga naye hurudi kundini. Nimekulia katika kanisa hili na nimeshuhudia toba hizo tangu sijapata kipaimara, wala siandiki ili kuzibeza, kwa kuwa nimewaona watu wakitoka pale mbele na nyuso za waliotua mzigo mzito. Lakini katika miaka yote hiyo sijaona hata mtu mmoja akirudi kundini kwa sababu alifyeka miti ya chanzo cha maji na kuwaacha majirani wa chini yake bila maji wakati wa kiangazi. Sijaona hata mmoja akiulizwa.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, uhusiano wa Wakristo wa Moshi na ardhi waliyopewa unapopaswa kupimwa. Tumezoea kuupima kwa idadi ya miche iliyopandwa na kwa hotuba za mgeni rasmi. Kanisa huonyesha linaloliamini kwa yale linaloyaita dhambi, na kwa muda mrefu uharibifu wa ardhi tumeuita tatizo, changamoto au athari, majina ambayo hayamlazimu mtu yeyote kupiga goti.

Wako wanaosema kwamba kasoro imo ndani ya Ukristo wenyewe. Mwaka 1967 mwanahistoria wa Marekani, Lynn White, aliandika katika jarida la Science kwamba mizizi ya uharibifu wa mazingira imo katika Ukristo wa Magharibi, uliomfundisha mwanadamu kwamba kila kilichoumbwa kipo kwa ajili ya matumizi yake. Aya inayotajwa mara zote katika mjadala huo ni Mwanzo 1:28, pale mwanadamu anapoambiwa aijaze nchi, aitiishe na kuwatawala viumbe. Mara nyingi husahauliwa kwamba White hakuutupa Ukristo. Alimaliza hoja yake kwa kumpendekeza Fransisko wa Asizi awe msimamizi wa wanaojali mazingira, jambo ambalo Papa Yohane Paulo wa Pili alilitimiza mwaka 1979.

Nikiitazama hoja hiyo kutoka huku kwetu, naona sehemu yake moja haitufikii na sehemu nyingine inatuchoma. Haitufikii anapodhani kwamba watu hukata miti kwa sababu wamesoma Mwanzo. Aliyekata mseri msituni ili apasue mbao hakuwa na Biblia mkononi. Alikuwa na ada ya shule ya kulipa, au tajiri wa mjini aliyemngoja na lori usiku. Inatuchoma anaposema kwamba Ukristo uliiondoa mizimu ndani ya miti na kuiacha miti bila mlinzi. Hilo lilitokea kwetu. Wamisionari Wakatoliki walipofungua kituo cha Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na wale wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipofika Machame mwaka 1893, walikuta sehemu ambazo shoka halikuingia. Upare kulikuwa na mishitu, misitu ya jando na ya matambiko, ambayo watu waliiheshimu kwa woga. Waongofu walipofundishwa kwamba mizimu haina nguvu juu yao, walifundishwa kweli, nami sitamani hata kidogo turudi kwenye woga ule. Ila pale palipoondolewa hofu ya mizimu hapakuwekwa kitu kingine. Zaburi ya 24 inasema kwamba nchi na vyote viijazavyo ni mali ya BWANA, na mstari huo tulikuwa nao tangu siku ya kwanza. Tuliuimba kanisani na hatukuupeleka msituni. Mti uliokuwa wa mizimu ukawa si wa mtu yeyote, na kisicho na mwenyewe huliwa na wa kwanza kufika.

Majirani zetu wa kaskazini mwa Ethiopia walikwenda njia nyingine. Huko makanisa mengi ya Kiorthodoksi yamezungukwa na msitu wa asili ambao ni sehemu ya mahali patakatifu, na katika maeneo yaliyolimwa pande zote, vishamba hivyo vya miti ndiyo mabaki ya msitu wa zamani. Msitu ule umehifadhiwa na imani hiyohiyo inayomkiri Kristo. Sisi viwanja vya makanisa yetu tumevisakafia ili magari yasichafuke wakati wa mvua.

Turudi kwenye Maandiko, maana Mkristo hawezi kuelekezwa kwa takwimu peke yake, na Maandiko yana mengi kuliko tunavyodhani. Mwanzo 2:15 inasema Mungu alimtwaa mtu akamweka katika bustani ya Edeni, “ailime na kuitunza.” Neno la Kiebrania lililotafsiriwa kulima ni lilelile linalotumiwa kwa kutumikia, hata kumtumikia Mungu: ndilo Musa analolitumia mbele ya Farao anapodai watu waachiwe wakamtumikie BWANA. Na neno lililotafsiriwa kutunza, shamar, lina historia ambayo kila Mlutheri wa Kilimanjaro angepaswa kuifahamu, kwa sababu hulisikia kwa sura ya Kiswahili kila mwisho wa ibada. Mchungaji anapoinua mikono na kutamka baraka ya Haruni, “BWANA akubarikie, na kukulinda,” lile kulinda ni shamar. Adamu aliagizwa aifanyie bustani kile ambacho Mungu huwafanyia watu wake. Tunasimama, tunainamisha vichwa, tunapokea ulinzi, kisha tunatoka nje kwenda kwenye vihamba, mashamba yetu ya ukoo, ambavyo tumeagizwa kuvilinda kwa neno hilohilo, bila mtu yeyote kutuambia.

Neno hilo hujitokeza tena sura mbili mbele, kinywani mwa muuaji. Kaini anapoulizwa alipo Habili, anajibu, “Mimi ni mlinzi wa ndugu yangu?” Huyo mlinzi ni shamar tena. Tazama adhabu inayofuata: ardhi iliyofumbua kinywa chake kuipokea damu haitampa tena nguvu zake. Anayekataa kumlinda ndugu hunyimwa na udongo. Mwandishi wa Mwanzo hakutenganisha ulinzi wa bustani na ulinzi wa jirani, na mkulima yeyote wa mteremkoni analielewa hilo bila mwalimu, kwa sababu maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, hupita kwangu kabla ya kufika kwako.

Na ule utawala wa Mwanzo 1:28? Neno lake ni lile ambalo nabii Ezekieli, katika sura ya 34, analitumia kuwashtaki wachungaji wa Israeli waliowatawala kondoo kwa nguvu na kwa ukali huku wakila walionona. Mtawala wa Biblia anaulizwa habari za kundi lake. Hata vitani palikuwa na mpaka: Kumbukumbu la Torati 20:19 inakataza jeshi linalouzingira mji kuitupia shoka miti yake ya matunda, na inauliza kama mti wa kondeni ni mtu hata uzingirwe. Sheria iliyouhurumia mti wa adui ingemwambia nini mtu anayekata mti wa jirani yake?

Hoja ya siku za mwisho nitaipitia kwa haraka, ingawa ndiyo inayosikika zaidi katika mikutano ya injili uwanjani. Huambiwa watu kwamba dunia itateketezwa kwa moto, kwa hiyo kuihangaikia ni kupaka rangi nyumba inayoungua. Aya yenyewe ni 2 Petro 3:10. Tafsiri yetu ya Kiswahili inasema nchi na kazi zilizomo ndani yake zitateketea. Nakala za Kigiriki za kale zaidi, hata hivyo, zina neno lenye maana ya kuonekana au kufunuliwa, yaani kazi zetu zitawekwa wazi mbele za hakimu. Petro mwenyewe analinganisha moto huo na gharika, na baada ya gharika Nuhu alishuka kwenye nchi ileile. Tena tuseme ukweli: mhubiri anayesema dunia inapita hununua kiwanja, huchimba kisima na kuweka uzio. Kwa mali yake haamini kwamba kesho haipo. Anaamini hivyo kwa mali ya wote tu.

Sasa mlima. Kwa miaka mingi wageni na waandishi wa habari wamekuja Kilimanjaro kulilia barafu, na ni kweli kwamba zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyopimwa mwaka 1912 imekwisha kutoweka. Inasikitisha kukitazama kilele cha Kibo kutoka Moshi mjini na kukumbuka jinsi wazee walivyokielezea. Lakini maji tunayokunywa hayatoki hasa kwenye barafu. Yanatoka kwenye msitu, ule ukanda wa mvua na ukungu unaouzunguka mlima, ambao hunasa unyevu wa mawingu, huunywesha udongo wake na kuyaachia maji taratibu kwenye chemchemi zilizo chini. Watafiti waliochunguza mlima huu kwa miongo mingi wameonyesha kwamba moto ulioteketeza misitu ya juu tangu miaka ya 1970 umetupunguzia maji kuliko kuyeyuka kwa barafu. Moto wa Oktoba 2020, na mwingine wa Oktoba 2022, tuliuona kwa macho usiku kama mkufu mwekundu juu ya mlima.

Tofauti hiyo ina uzito wa kiroho. Barafu inayeyuka kwa sababu zilizo mbali nasi kwa sehemu kubwa, za viwanda na magari ya nchi nyingine, hivyo tukiililia barafu tunakuwa waathirika tu. Msitu unaungua na kukatwa na watu tunaowajua, baadhi yao wakiwa wamekaa benchi moja nasi. Kuulilia msitu ni kuanza kuungama.

Na maji hayo hayaishii Moshi. Mito ya Kilimanjaro na ya Mlima Meru hukutana katika Kikuletwa na Ruvu, nayo huingia katika bwawa ambalo wazazi wetu waliliita Nyumba ya Mungu, kisha Mto Pangani ukayachukua kupitia mitambo ya umeme ya Hale na Pangani hadi baharini. Mvuvi wa Nyumba ya Mungu na mwenye taa nyumbani Tanga wote ni majirani wa yule anayeshika shoka Marangu. Swali la mwanasheria kwa Yesu, jirani yangu ni nani, kwetu hujibiwa kwa kufuata mkondo wa maji.

Ingekuwa dhuluma kusema Kanisa limekaa kimya. Askofu Fredrick Shoo wa Dayosisi ya Kaskazini, ambaye pia aliongoza Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, alihimiza upandaji miti kwa bidii kiasi kwamba watu walimwita Askofu wa Miti, na jina hilo nalihesabu kuwa heshima kubwa kuliko nyingi tunazowapa viongozi wetu. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilipokutana Windhoek mwaka 2017 lilitamka wazi kwamba uumbaji si wa kuuzwa. Wakatoliki wana waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, uliounganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini, na katika jumuiya ndogondogo za Moshi na Arusha nimesikia ukijadiliwa kwa makini na akina mama ambao hawakuwahi kukaa darasa la teolojia.

Ninachokiona kimepungua ni kwamba kazi hii yote imepangwa katika idara ya miradi. Ina bajeti, ina mfadhili, ina taarifa ya mwisho wa mwaka, na mfadhili akiondoka inalala. Miche hupandwa siku ya tukio, picha hupigwa, na hakuna anayepita Septemba kuimwagilia. Mahali pengine hupandwa mikaratusi kandokando ya chemchemi kwa sababu inakua upesi, na mti huo hunywa maji kuliko ng’ombe wa zizi zima. Mradi huuliza imepandwa mingapi. Toba ingeuliza nani alikata, kwa nini alikata, na nani aliumia.

Swali la nani aliumia ni la lazima, maana uhifadhi usio na haki nao ni aina ya dhambi. Mwaka 1941 lilitengwa eneo la nusu maili kati ya vijiji na msitu ili wananchi wapate humo kuni, majani ya mifugo na miti ya kujengea. Mwaka 2005 msitu uliingizwa katika hifadhi ya taifa, na mwanamke aliyekuwa akikata majani ya ng’ombe kwenye ukanda ule akajikuta ni mhalifu. Kuni hazikuacha kuhitajika siku hiyo. Ng’ombe wa zizini hakuambiwa afunge. Kanisa linalohubiri utunzaji wa uumbaji kwa mama huyo bila kumsaidia kupata jiko linalotumia kuni chache na majani ya kupanda kwenye kingo za shamba lake limemtwika mzigo ambalo lenyewe haliugusi kwa kidole.

Wenye deni kubwa zaidi ni sisi tuliosoma na kuhamia mjini. Kihamba cha babu, chenye mibuni chini ya migomba, na migomba chini ya miti mirefu ya kivuli, miringaringa na mifuruanje, kilikuwa shamba na msitu kwa pamoja; Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limeutambua mfumo huo wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia nzima. Kila Desemba tunapanda mlima kwa magari yetu kuja kula Krismasi, na kila Desemba kipande kingine cha kihamba hung’olewa migomba na kumwagiwa zege: nyumba kubwa ya vyumba sita itakayolalwa wiki mbili kwa mwaka, uzio wa tofali, na makaburi ya marehemu wetu yaliyofunikwa vigae kana kwamba tunaogopa udongo usiwaguse. Tunamzika mtu kwa maneno ya mavumbi kwa mavumbi, kisha tunayazuia mavumbi kwa saruji. Siku ya Sikukuu ya Mavuno tunanunua mkungu wa ndizi mnadani kwa bei mara kumi, tukitoa kwa moyo mkunjufu, na mgomba uliozaa mkungu ule tumeshaupangia kung’olewa.

Kwa hiyo nasema kwamba utunzaji wa ardhi utolewe ofisini uletwe madhabahuni. Uwekwe katika mafundisho ya kipaimara kama sehemu ya amri ya saba, kwa kuwa kukausha chemchemi ni kuiba, na ya amri ya tano, kwa kuwa mtoto anayekunywa maji machafu ya bondeni huweza kufa. Wazee wa kanisa wanapotembelea nyumba wasiulize habari za ndoa na ahadi ya sadaka peke yake. Waulize na habari za mfongo. Najua hatari yake. Nidhamu ya kanisa imewahi kuwa fimbo ya wenye nguvu, ikamwangukia binti mwenye mimba huku aliyempa mimba akiimba kwaya, na inaweza kumwangukia mama wa kuni huku mwenye lori la mbao akikaa kiti cha mbele. Atakayeanza kuitwa na awe mwenye lori.

Wachaga tulikuwa na namna yetu ya kufanya jambo hili kabla ya kanisa, na haina mzimu ndani yake. Aliyemkosea mwenzake alishika isale, mmea uleule tunaoupanda mipakani, akaenda nao nyumbani kwa aliyemkosea, na aliyeletewa isale hakuwa na ruhusa ya kukataa kusikiliza.

Baba yangu mkubwa alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Alipohitaji fedha alikata miti yote iliyozunguka chemchemi ya chini ya kihamba chake, akapanda mikaratusi ili auze nguzo, na baada ya miaka michache chemchemi ikaacha kutoka wakati wa kiangazi. Mama mjane aliyeishi chini yake alianza kutuma wajukuu mbali kutafuta maji. Hakuna mtu aliyemwita mzee huyo kumuuliza. Aliendelea kubeba kapu la sadaka kila Jumapili. Alipokuwa mgonjwa wa mwisho alituagiza tuing’oe mikaratusi yote. Kisha akaomba akatiwe isale, akajikongoja kwa fimbo mpaka kwa yule mama, nami nikiwa nimemshika mkono. Hawakusema maneno mengi. Mama alilipokea, na siku iliyofuata akaenda kuchimbia shina la isale pembeni mwa chemchemi, pamoja na miche ya mringaringa aliyoitoa shambani kwake.

Isale limeshika, na mringaringa mmoja sasa unanizidi urefu. Wakati wa masika maji hutoka pale. Ya kiangazi bado hayajarudi.